"Kwetu hakuna mtoto wa hivyo": magonjwa ya ngozi ya kurithi na lawama anayobebeshwa mama

#1 MjombaMtu

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Wiki iliyopita kuna mtu alileta humu picha ya kichanga, ngozi imekakamaa na kupasuka vipande vipande, kope zimegeuka nje. Chini kaandika: "Mama alikuwa anafuga nyoka wa utajiri, tazameni malipo yake." Moderator ameshaifuta, ashukuriwe. Ila kabla haijafutwa watu walishachangia kurasa nne, na humo niliona mmoja tu aliyeuliza mtoto yuko hospitali gani na anaendeleaje.

Ule ugonjwa naujua kwa sababu mpwa wangu wa kike anao. Unaitwa ikthiosisi, na wa kwake ni aina ya lamela. Alizaliwa amefunikwa utando mgumu unaong'aa, mwili mzima. Baada ya wiki chache utando ukabanduka, chini yake ikabaki ngozi yenye magamba makubwa ya kahawia, na hayo ndiyo atakayoishi nayo. Ngozi yako wewe na mimi hujivua chembe zilizokufa kila siku bila sisi kujua. Ya kwake inashindwa kuziachia, zinapandana. Hauambukizi. Mkumbatie, kula naye sahani moja, vaa khanga yake, hupati kitu. Unarithiwa tu, basi.

Kilichonileta si ugonjwa wenyewe, ni maneno. Dada hajatoka wodini, muuguzi mmoja kaja kuchungulia na kumuuliza, "Ulikuwa unapaka mkorogo wewe?" Nyumbani mama mkwe akasema alimcheka mtu barabarani akiwa na mimba. Jirani akasema alikanyaga joka njiani kwenda shamba akanyamaza. Mganga aliyeitwa (mimi sikuwepo, ningemzuia mlangoni) akasema dada alioga mtoni wakati wa magharibi, mtoto ni wa chunusi, lile jini la majini, iletwe mbuzi na shuka nyekundu. Na shemeji naye akanong'onezwa kijiweni kwamba mtoto si wake.

Hebu pangeni hayo yote mstari mmoja. Alipaka, alicheka, alikanyaga, alioga, alizini. Kila maelezo yana mama ndani yake. Baba hayupo popote, utadhani mimba iliingia kwa upepo.

Baada ya arobaini upande wa mume ukaitisha kikao. Mi ndiyo mjomba mtu, nikaenda. Neno la kwanza baada ya dua: "Kwetu hakuna mtoto wa hivyo. Haya ni ya kwenu, semeni mna nini."

Hapo niwaeleze kitu mcheke kidogo. Huyo mama mkwe wa dada ni shangazi yetu, kazaliwa tumbo moja na baba yetu. Dada kaolewa na mtoto wa shangazi, ndoa waliyoipanga wazee hao hao kwa vigelegele. Babu mmoja, bibi mmoja. Waliokaa upande ule wa mkeka na sisi wa upande huu tunazikana makaburi yale yale. Sasa "kwetu" ni wapi na "kwenu" ni wapi?

Mimi nafundisha Baiolojia sekondari. Nikaomba bakuli la maharage jikoni, mekundu na meupe. Nikawaambia: kila mtu anatembea na maharage mawili ya jambo hili, moja la baba, moja la mama, na kila mtoto anampa moja tu, bila kuchagua. Jekundu ni zima, jeupe ni bovu. Ukiwa na jekundu moja ngozi yako inafanya kazi, hutajua maisha yako yote kwamba una jeupe mfukoni. Dada analo jeupe moja. Shemeji analo jeupe moja. Nikayapanga mkekani namna zote nne: mekundu mawili, jekundu la baba na jeupe la mama, jeupe la baba na jekundu la mama, meupe mawili. Huyo wa nne ndiye mpwa wangu. Moja kati ya nne, kila mimba, na mimba ya pili haiikumbuki ya kwanza.

Halafu nikasema: "Dada jeupe lake kalitoa kwa baba yetu. Shemeji la kwake kalitoa kwako, shangazi. Na nyinyi wawili mmelipokea kwa mzazi mmoja."

Kimya. Shangazi kayatazama maharage muda mrefu, kisha akaokota lile jeupe kwa vidole viwili na kusema: "Basi hili ni la mama. Watu wa Pemba wale."

Mama yake mzazi. Marehemu. Lingeweza kuwa la babu vilevile, hakuna mtu hai anayejua, lakini lawama imetoka tumbo moja ikahamia tumbo jingine, tena la mtu asiyeweza kujitetea.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Mnaposema "kwetu hakuna" mnadhani mmetoa ushahidi. Jeupe moja linaweza kupita vizazi vitano kimya, hadi siku likutane na mwenzake. Karibuni.

#2 Mpiga_Dufu

Naweka mkeka hapa, uzi mzuri.

#3 ChumviNyingi

Mkuu hongera kwa maelezo, ila usitudanganye kwamba maharage yanamaliza kila kitu. Afrika tuna mambo yetu. Mbona wazungu hawapati hivyo vituko na hawana habari za kulaumu mama?

#4 MjombaMtu

@ChumviNyingi wanapata sana, na walilaumu mama kuliko sisi. Uingereza mwaka 1726, mji wa Godalming, mwanamke aitwaye Mary Toft alisema anazaa sungura, na kisa chake kilikuwa kwamba alishtushwa na sungura shambani akiwa mjamzito akabaki kuwatamani. Madaktari kadhaa walimwamini, akiwemo wa kwa mfalme, hadi ikabainika ni utapeli. Walimwamini kwa sababu elimu ya wakati ule ilikubali kwamba anachokitazama au kukitamani mama kinachapwa kwenye mtoto. Hiyo ndiyo "alimcheka mtu barabarani", ila ya Kiingereza.

Miaka michache baadaye, 1731 hadi 1732, kijana Edward Lambert wa Suffolk aliletwa mbele ya wanasayansi wa Royal Society kule London. Ngozi yake ilikuwa na miiba migumu ya kahawia, akaitwa mtu nungunungu. Alioa, akazaa watoto wenye hali ile ile, na wajukuu wake walitembezwa Ulaya kwenye maonyesho, watu wakilipa kiingilio kuwaangalia. Kwa hiyo tusijidharau wala tusijisifu. Kila jamii ilipoona ngozi isiyoielewa ilitafuta hadithi, na wengine walikata na tiketi.

#5 KofiaPana

Mimi ni mtu mwenye ualbino, kanda ya ziwa. Nimesoma hapo juu kuhusu kikao nikaona baba yangu. Alimwambia mama: "Umezaa na mzungu." Mzungu gani kijijini kwetu, hakusema. Akaondoka.

Hesabu ya mwalimu ni hiyo hiyo kwetu. Ualbino wa ngozi na macho unataka jeni mbili mbovu, yaani yale maharage meupe, ya baba na ya mama. Tanzania tunakadiriwa mmoja kwa kila watu 1,400 hivi, wakati duniani kwa jumla ni mmoja kwa 17,000 hadi 20,000, maana yake wabebaji weusi tii wapo wengi sana mitaani, na wewe unayesoma pengine ni mmoja wao.

Imani mnazijua. Kwamba hatufi, tunapotea. Mjamzito akituona ajitemee mate kifuani. Halafu ikaja ile miaka ya mauaji, tukaitwa "dili" tukipita stendi. Tangu wakati huo yamefanyika mengi, siyakatai. 2010 Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany kuwa mbunge. 2015 Umoja wa Mataifa ukamteua Ikponwosa Ero, Mnigeria mwenye ualbino, kuwa mtaalamu huru wa kwanza wa haki zetu. Kila tarehe 13 Juni tunapewa fulana na kofia na hotuba.

Ila nawaambia ukweli ninavyouona mimi: kampeni zimewafundisha watu wasituue. Hazijaingia kwenye kikao cha ukoo. Mama anayezaa mtoto kama mimi bado anarudishwa kwao na begi lake.

#6 MjombaMtu

@KofiaPana sentensi yako ya mwisho ningeiweka juu ya uzi kama ningeruhusiwa kuhariri. Asante kaka.

#7 MamaPacha

Sisi kwa mdogo wangu ni ya malengelenge. Mtoto ukimbeba kwapani ngozi inatoka malengelenge, ukimvua soksi inavuka. Daktari alisema epidermolisisi bulosa. Kabla ya kufika kwa huyo daktari, mdogo wangu aliitwa ustawi wa jamii kwamba anamuunguza mtoto kwa maji ya moto. Jirani ndiye aliyeripoti. Sikasirikii jirani, mtoto alionekana kweli ameungua. Kilichoniuma ni kwamba baada ya barua ya daktari kusomwa, wale wale wa mtaani wakahama: siyo maji ya moto tena, ni "moto wa majini" aliotupiwa kwa sababu ya mume wa mtu. Barua imemtoa kwenye jinai ikamwacha kwenye uchawi.

#8 BintiMuscat

Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, asili yetu Unguja, na huku binamu kwa binamu ndio mpango mzima. Naomba tusije tukaigeuza mada ikawa vita na ndoa za kindugu. Ni halali, na ndoa nyingi za binamu watoto wao wazima. Lakini halali si lazima. Kwa watu wasio na undugu, watoto wanaozaliwa na tatizo kubwa la kimaumbile ni kama wawili au watatu katika mia. Kwa binamu wa kwanza inakaribia kuwa mara mbili ya hapo. Mtu aambiwe, aamue mwenyewe.

Saudi Arabia tangu 2004 wanaotaka kuoana wanapimwa selimundu na thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi, majibu wanapewa, kuoana au kutooana ni juu yao. Magonjwa ya ngozi hayamo kwenye vipimo hivyo. Lakini kwa ukoo ambao tayari una mtoto mmoja, kama wa mwalimu, hapo wazee wakipanga tena binamu kwa binamu wajue wanachofanya.

#9 MjombaMtu

@BintiMuscat wa alaykumu salaam. Umesema lile nililolikwepa. Kwetu tayari kuna posa nyingine ya namna hiyo inanukia. Nimesema mara moja, nikaambiwa nimesoma sana.

#10 Kijana_wa_Chalinze

Mkuu, mwanangu wa kiume ana magamba miguuni na tumboni, dada zake wawili hawana. Wajomba zake wawili upande wa mke wangu wanayo. Hapo napo utasema ni wote wawili? Maana mama yangu kashapata la kusema.

#11 ChumviNyingi

Haya mwalimu, jibu hilo. Kumbe kuna ya mama peke yake.

#12 MjombaMtu

Ipo, na siifichi. Kuna aina ya ikthiosisi inayobebwa kwenye kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya mwili. Mwanamke ana X mbili, moja mbovu haimwoneshi kitu. Mwanamume ana X moja tu, na hiyo kapewa na mama yake. Ndiyo maana inawapata watoto wa kiume, kama mmoja kwa kila wavulana 6,000, na inaruka kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. @Kijana_wa_Chalinze ulivyoeleza inaelekea huko, ila mpeleke kwa daktari wa ngozi, mimi ni mwalimu tu. Vilevile kuna ile nyepesi zaidi, ikthiosisi vulgarisi, mzazi mmoja yeyote anatosha kuipitisha, na wengi wanaitembeza maisha yote wakidhani ni miguu mikavu ya kipupwe.

Na usisahau za upande wa pili. Nyurofibromatosi, ule ugonjwa wa vinundu laini mwili mzima ambao mitaani wanasema "amelishwa vitu", karibu nusu ya wanaougua hawakurithi kwa yeyote. Jeni ilibadilika yenyewe. Hapo mtamlaumu nani?

Lakini @ChumviNyingi tofautisha. Kubeba si kutenda. Mke wa huyu ndugu hakuichagua X yake, na mama yake hakuichagua, na nusu ya watoto wake wa kiume wangeweza kuzaliwa wazima kabisa. Mama mkwe akitaka kuuliza "imetoka wapi", aulize kliniki, kwa sababu jibu linasaidia kujua mabinti wa nyumba ile nani abebe ujuzi huo akiolewa. Akiuliza sebuleni mbele ya wageni, hilo si swali tena.

#13 ChumviNyingi

Sawa. La sebuleni nimelielewa.

#14 Neema_Ya_Asubuhi

Mjomba, huyo binti sasa ana umri gani, anasoma? Sisi walimu wa msingi tunahitaji kujua tufanyeje tukimpata darasani.

#15 MjombaMtu

Yuko darasa la nne, kichwa kizuri, mkorofi kiasi. Nitakwambia yale ambayo hayamo kwenye vitabu vyangu.

La kwanza ni joto. Magamba yanaziba njia za jasho, kwa hiyo hatoki jasho ipasavyo. Sisi tuko mwambao, Januari unajua hali yake. Mwalimu mmoja wa michezo alidhani anajidekeza, akamkimbiza pamoja na wenzake saa sita mchana, akaanguka. Sasa ana chupa ya kupulizia maji na kitambaa anacholowesha na kuweka shingoni, na dawati lake liko dirishani. Hajapendelewa, ndivyo anavyopumulia joto lake.

La pili ni mafuta. Asubuhi na jioni analoweka mwili kwenye beseni, anasuguliwa taratibu kwa kitambaa laini, kisha anapakwa mafuta mazito kabla maji hayajakauka. Kopo la mafuta nyumbani mwao halikai. Kwa hiyo sare yake ina madoa na madaftari yake yanaloa mafuta, mpaka maandishi ya ukurasa wa pili unayasoma kwenye ukurasa wa kwanza. Alikuwa anapunguziwa alama za usafi kila mwezi. Dada akaenda shuleni na kopo mkononi, akampaka mwalimu mkono mmoja, akamwambia "sasa andika". Alama zilirudi.

La tatu ni masikio. Magamba yanajaa ndani ya sikio, mtoto hasikii, mwalimu anaandika "hasikilizi". Anasafishwa na daktari wa masikio kila baada ya miezi michache. Ukimwona mtoto wa namna hii amezubaa, mkague masikio kabla hujamkagua akili.

La nne ni majina. Wanamwita Kenge. Alikuja siku moja akaniuliza kenge ana magamba ya rangi gani. Nikamwambia. Akasema, "Basi hawajui hata kenge." Nikaona huyu atavuka. Lakini kulikuwa na mzazi aliyeomba mwanawe ahamishwe dawati, na mkuu wa shule akakubali, na hilo ndilo lililomliza, si watoto.

Kwa hiyo ukimpata: waambie darasa siku ya kwanza, yeye akiwepo na akiwa amekubali, kwamba haiambukizi. Usimfiche nyuma, usimwoneshe mbele.

#16 Mpiga_Dufu

"Hawajui hata kenge" 😂😂 huyo binti apewe darasa afundishe.

#17 NesiWaZamu

Nimekaa wodi ya watoto wachanga muda mrefu, niongeze kidogo. Hali hizi wengi wetu tunakutana nazo mara moja moja tu, ndiyo maana unasikia muuguzi anauliza habari za mkorogo. Si kwamba ni katili, hajawahi kuona. Kwa wanaoweza kusafiri, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992, madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika wamepita hapo. Ndiko pia zilikoanza kutengenezwa losheni za kujikinga na jua za Kilisun kwa watu wenye ualbino, @KofiaPana nadhani unazijua.

Tiba ya kuondoa kabisa haipo. Ipo ya kulainisha: mafuta mazito ya kawaida, krimu zenye yurea kwa mtoto aliyekua, na kwa waliozidiwa kuna vidonge vya jamii ya vitamini A ambavyo binti aliyefikia umri wa kuzaa hapewi kirahisi kwa sababu vinaharibu mimba. Mtu akikuuzia "dawa ya kumaliza magamba siku saba", mpishe.

#18 KofiaPana

Nazijua, natumia. Shida ni foleni na mgawo, lakini hilo lina uzi wake.

#19 Zuwena_K

Jamani samahani kuvamia. Nimeona uzi huu sasa hivi. Wifi yangu amejifungua alfajiri hapa zahanati ya kijijini, mtoto kazaliwa vile vile alivyoeleza mwalimu, ametandwa kitu kinang'aa, midomo imevutwa, macho mekundu yamegeuka nje. Analia. Wazee wanasema utando utolewe kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa kabla ya adhuhuri. Tufanyeje?

#20 NesiWaZamu

Zuwena, msiutoe. Msibandue hata pembeni ulikoachia. Utabanduka wenyewe kwa wiki mbili mpaka nne. Ukivutwa sasa unaacha kidonda, na kwenye kidonda ndipo vijidudu vinapoingia.

Mwambieni mganga wa zahanati aandike rufaa sasa hivi, hospitali yenye wodi ya watoto wachanga na inkubeta yenye unyevu. Hatari kwake saa hizi ni kukauka maji, kupoa au kupata joto kupita kiasi, na maambukizi. Njiani apakwe vaselini tupu isiyo na manukato, mtu aliyenawa mikono, juu ya utando, mwili mzima. Msimpake yurea, wala dawa ya fangasi, wala mitishamba, ngozi hiyo inaingiza kila kitu mwilini. Avikwe kitambaa laini safi, abebwe kifuani kwa mama.

Kama midomo inashindwa kunyonya, mama akamue, anyweshwe kwa kikombe kidogo au kijiko, kidogo kidogo na mara kwa mara. Macho yasikauke: zahanati wakiwa na mafuta ya tetrasaikilini ya macho wampake kabla hamjaondoka, na msiyafunge kwa bandeji.

Nimekutumia namba yangu ujumbe wa faragha. Mkipata gari nipigie nijue mnaelekea wapi, niwasemeshe wa huko wawe tayari.

#21 MjombaMtu

Zuwena, nami nimekuandikia faragha. Wazee waambie hivi: utando ukitolewa mtoto anaweza kufa, nesi wa wodi ya watoto wachanga kasema usitolewe. Maharage tutawapangia baadaye. Na baba wa mtoto apande gari hilo hilo, asibaki nyuma na wazee.

#22 Zuwena_K

Bodaboda tatu zimekataa. Kuna Noah ya mwalimu mkuu inakuja. Baba yake yumo.